Viumbe wapenda vita wa hadithi za anga: nani aliwachomelea vyombo?

#1 Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Huu ni mwaka wa tatu nahangaika na riwaya ya anga za mbali. Ndani yake kuna viumbe nimewapa jina Wavaraku. Ngozi ya magamba, mikono minne, na maisha yao toka utotoni ni vita. Kijana hahesabiwi mtu mzima mpaka amwage damu. Cheo hakiji kwa mtihani wala kwa umri: unapigana na aliye juu yako, akifa unakaa kwenye kiti chake. Miaka 200 iliyopita walikuwa na pinde na mikuki. Leo wana meli za vita zinazovuka kutoka nyota hadi nyota, na wanatawala sayari 40.

Nikajiona nimeandika kitu. Nikampa jamaa yangu mmoja asome. Ni mtu wa stoo, kazi yake kupokea mzigo, kuuhesabu na kuutoa, na hadithi za namna hii hana habari nazo. Baada ya wiki akanirudishia kurasa zangu 300 zikiwa na alama moja tu ya kalamu, pembezoni mwa ukurasa wa 12: "Hiki chombo alikichomelea nani?"

Nilicheka. Usiku usingizi ukagoma.

Maana kila nikijaribu kumjibu nakwama. Kuunga bati lisivujishe hewa hata chembe ni ujuzi wa miaka. Huyo fundi kwenye jamii yangu ni nani? Kama ni Mvaraku anayeheshimiwa kwa mkono wake wa kazi, basi ile mila yangu ya damu imeshatoboka. Kama haheshimiwi, kwa nini mtoto yeyote akubali kujifunza kazi hiyo? Na kama anaheshimiwa, kesho anakuja kijana mwepesi wa kisu, anamchinja, anakalia kiti chake, halafu hajui hata kuwasha mtambo.

Mradi wa Apollo uliomfikisha binadamu mwezini mwaka 1969 ulihitaji watu wapatao 400,000. Wanaanga walikuwa wachache wa kuhesabika. Waliobaki ni washona mavazi, wapiga hesabu, wachoraji wa ramani za mitambo, wakaguzi wa nati, makarani wa manunuzi. Wangapi wangekuwa hai hadi siku ya kuruka kama bosi anapatikana kwa kuchomwa kisu?

Nahisi tatizo si la kwangu peke yangu. Viumbe wakali kwenye hadithi hizi huwa wameshafika juu hadithi inapoanza. Tunawaona wakipiga, hatuoni walivyopanda. Naomba tujadili hilo: kupanda kwao kunaaminika? Na msinihurumie.

#2 Mpitanjia

Mkuu hadithi ni hadithi. Joka linatema moto na hakuna aliyewahi kuuliza linakunywa petroli gani.

#3 Kalamu Butu

Joka moja, sawa. Joka lenye bandari, jeshi na kodi ya sayari 40, hilo hata mimi ningeliuliza.

#4 Shajara

Mleta uzi usikate tamaa mapema. Historia ya binadamu imejaa watu wa vita waliopanda ghafla hadi majirani wakadhani dunia inaisha. Mfano wa kwanza unaomjia kila mtu ni Wamongolia, na una mengi ya kukufaa.

Temujin alitangazwa Chinggis Khan, mtawala wa Wamongolia wote, mwaka 1206. Kabla ya hapo zilikuwa koo zinazoibiana farasi na wake. Miaka tisa baadaye wameshauteka mji mkuu wa ufalme wa Jin, pale ilipo Beijing leo. Mwaka 1258 wajukuu zake wako Baghdad. Huko ndiko kupanda kwa kasi unakokutafuta.

Sasa angalia walifanya nini cha kwanza. Hawakuongeza ukali, ukali walikuwa nao toka zamani na haukuwa umewafikisha popote. Alichofanya Temujin ni kuzivunja zile koo. Akawapanga watu kwa makumi, mamia, maelfu na makumi elfu, akichanganya koo ndani ya kikosi kimoja ili mtu asipigane kwa ajili ya mjomba wake. Akaweka maandishi, wakati watu wake hawakuwa na maandishi, kwa kuchukua herufi za Wauyghur. Kwa maneno mengine, alileta ukarani. Karani kwanza, ushindi baadaye.

La pili: mji ukiangushwa, mafundi walitengwa pembeni wasiguswe. Wanajeshi na raia waliweza kuuawa kwa maelfu, lakini mhunzi, mfumaji na seremala walihesabiwa na kupelekwa panapohitajika, kama ilivyokuwa Samarkand mwaka 1220. Kwenye mazingiwa ya mji wa Xiangyang kule China, yaliyodumu karibu miaka mitano hadi 1273, kilichovunja ukuta ni mitambo ya kurusha mawe iliyoundwa na wahandisi Waislamu walioletwa kutoka upande wa Uajemi. Mchomeleaji wa Wamongolia hakuwa Mmongolia. Jamaa yako wa stoo jibu lake ndilo hilo.

Na kuna kisa nakipenda. Walipoishika China ya kaskazini, baadhi ya wakubwa walipendekeza wakulima wote waondolewe ili ardhi iwe malisho ya farasi. Kwa mtu wa vita hilo ni wazo zuri kabisa. Aliyewazuia ni mshauri mmoja, Yelü Chucai, ambaye alimweleza Ögedei, mwana na mrithi wa Chinggis, kwa hesabu: waache walime, uwatoze kodi, utapata fedha, hariri na nafaka kila mwaka bila kupanda farasi. Ögedei akakubali. Himaya nzima iliokolewa na mtu mwenye daftari. Wavaraku wako wana Yelü Chucai? Kama hawana, wameshachunga farasi juu ya kiwanda.

#5 Mpitanjia

Hapo #4 umetema madini. Mimi nilikuja kwa utani, sasa nakaa.

#6 Tanuri

Nakubaliana na Shajara nusu. Kuna kitu amekiruka.

Wamongolia walikuwa na majirani. China ilikuwepo, Uajemi ulikuwepo, miji yenye maelfu ya miaka ya ufundi ilikuwa pale ukutani ikisubiri kutekwa. Mvaraku wa kwanza kwenye sayari yake alimteka nani? Kama jamii nzima ya viumbe hao ni wapiganaji, na hakuna mwingine kwenye sayari, mwizi atamwibia nani wakati wote ni wezi?

Hapa ndipo hadithi nyingi zinapojikwaa. Tunasema "jamii ya viumbe wapenda vita" kana kwamba mabilioni ya watu wana tabia moja. Dunia yetu haijawahi kuwa na kitu hicho. Tulichonacho ni madola ya kivita, matabaka ya kivita, vizazi vya kivita. Na kila mara nyuma yao kuna watu wengine wanaolima.

Sparta, dola la mji la Ugiriki ya kale, ndiyo mfano mkavu kuliko yote. Raia kamili wa Sparta alikatazwa biashara na ufundi, kazi yake ilikuwa mazoezi na vita. Inawezekana vipi? Kwa sababu shamba lake lililimwa na mahiloti, watu wa nchi iliyotekwa, na silaha na biashara vilishikwa na watu huru wa vijiji vya pembeni wasio na haki za raia. Mwanahistoria Herodotus anasema kwenye vita vya Plataea, mwaka 479 kabla ya Kristo, Wasparta 5,000 walikwenda na mahiloti saba kwa kila mmoja. Saba! Yule mpiganaji anayeonekana kwenye michoro amesimama peke yake, nyuma yake kuna watu saba ambao mchoraji hakuwachora.

Na bei yake ilikuwa kubwa. Jeshi lililoogopwa Ugiriki nzima muda mwingi lilikuwa linawalinda mahiloti wasiasi. Walipotaka kuishinda Athens baharini hawakuwa na hela ya meli wala wapiga makasia, wakazipata kwa dhahabu ya Uajemi, adui yao wa jana. Na kwa kuwa uraia ulikuwa mgumu kuupata na rahisi kuupoteza, idadi yao ikawa inapungua tu. Kufikia vita vya Leuctra mwaka 371 kabla ya Kristo waliingia vitani raia kamili kama 700, wakafa 400 kwa siku moja. Basi. Mwaka na kidogo baadaye Messenia, shamba lao kuu, ikawa nchi huru.

Hivyo ukinipa Wavaraku tabaka, nakuamini. Ukinipa Wavaraku sayari nzima, nafunga kitabu.

#7 Nusu Kilo

Naona wote mnazungumzia chakula na mafundi, ila hakuna aliyegusa nishati. Naomba dakika.

Nyota iliyo karibu zaidi na Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977 na kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo umbali kama ule ungekitafuna zaidi ya miaka 70,000. Kwa hiyo ili Wavaraku watawale sayari za nyota nyingine kabla hawajasahau walitoka wapi, wanahitaji kasi kubwa sana. Tuwape asilimia 10 ya kasi ya mwanga. Ni kasi ya heshima, safari ya Proxima inakuwa miaka 42 na ushee.

Sasa chukua kitu cha kilo moja, jiwe tu, kikiwa kwenye kasi hiyo. Nguvu iliyomo ndani ya mwendo wake ni kama kilotani 107 za kilipuzi cha TNT. Bomu la Hiroshima lilikuwa kama kilotani 15. Yaani kila kilo ya chombo chako ni Hiroshima saba. Chombo cha tani 1,000, ambacho kwa safari ya miaka 42 ni kidogo, kinabeba nguvu zaidi ya mara 2,000 ya lile bomu kubwa kuliko yote lililowahi kulipuliwa, la Wasovieti mwaka 1961, megatani 50.

Unaona ninakokwenda? Hakuna chombo cha nyota cha amani. Yeyote mwenye uwezo wa kuvuka kutoka nyota hadi nyota ana uwezo wa kuua sayari, hata kama amebeba biskuti. Na uwezo huo anaupata akiwa bado anakaa na ndugu zake kwenye sayari moja.

Sasa niambie jamii ambayo cheo kinapatikana kwa kuua, ambayo kijana lazima amwage damu, inapitaje hapo? Sisi binadamu, ambao hatujioni wakali kiasi hicho, tarehe 27 Oktoba 1962 tuliponea kwenye nyambizi moja ya Wasovieti karibu na Kuba. Maofisa watatu walitakiwa kukubaliana kabla ya kurusha torpedo la nyuklia, na mmoja, Vasili Arkhipov, akakataa. Arkhipov wa Kivaraku angechomwa kisu hapo hapo na aliye chini yake, akapandishwa cheo mchomaji, na sayari ikaisha kabla ya chakula cha jioni.

Swali la mleta uzi ni walipandaje. La kwangu ni kwa nini bado wapo.

#8 Mpitanjia

Hiroshima saba kwa kilo. Leo silali.

#9 Siafu

Nusu Kilo kanifungulia mlango, ngoja niingie na wadudu.

Watu wengi wanaoandika viumbe wakali wanachukua mnyama mmoja mkali, simba au mamba, wanamvalisha mavazi ya anga. Ukali wa mnyama si vita. Simba akiua swala anakula. Vita ni kundi dhidi ya kundi, kwa mpango, na wanyama wanaofanya hivyo ni wachache. Sokwe wamo. Kule Gombe, kati ya mwaka 1974 na 1978, kundi moja lililogawanyika liliishia kwa madume wa upande wa kaskazini kuwavizia wale wa kusini mmoja mmoja hadi wakaisha wote, kisha wakaingia eneo lao. Walikuwa wamekua pamoja. Wakavizia kimya kimya, wengi kwa mmoja. Hapakuwa na kupiga kifua wala kumwita adui atoke uwanjani.

Hilo la kwanza: viumbe wanaokwenda vitani kwa faida hawatafuti pambano la haki. Mila ya kupigana ana kwa ana kwa heshima ni pambo la watu ambao vita yao imeshatulia kuwa mchezo.

La pili ndilo kubwa. Kuna chungu anaitwa chungu wa Ajentina. Kwao Amerika Kusini wana makoloni madogo na wanauana wao kwa wao, jirani kwa jirani. Hapo hawatishi mtu. Walipobebwa na meli za binadamu wakafika Ulaya, vita ya wao kwa wao ikafa. Wakawa wanatambuana kama ndugu, na koloni moja la pwani ya kusini mwa Ulaya limetandaa takriban kilomita 6,000, kutoka Italia hadi upande wa Atlantiki wa Hispania. Chungu wenyeji wanafagiliwa. Mdudu ni yule yule, meno ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kumpiga jirani.

Mleta uzi, Wavaraku wako umewafanya kama chungu wa Ajentina akiwa Ajentina, halafu ukawapa ushindi wa chungu wa Ajentina akiwa Ulaya. Chagua moja.

#10 Shajara

Siafu hapo umenimaliza, na ndicho alichofanya Temujin 1206 kwa lugha nyingine.

#11 Msomaji Mkali

Mimi napinga mnavyokwenda. Mmemfanya mleta uzi aone aibu ya miaka yake 200, wakati miaka 200 ndiyo sehemu pekee isiyo na kasoro.

Ndege ya ndugu Wright iliruka Desemba 1903. Apollo 11 ilitua Julai 1969. Ni miaka 66, kuna watu walizishuhudia zote mbili. Mwaka 1853 meli za Perry za Marekani zinaingia ghuba ya Edo (Tokyo ya leo), Japani ina wapiganaji wenye panga na mizinga ya kizamani. Mwaka 1905, miaka 52 baadaye, Japani hiyo hiyo inazamisha meli baada ya meli ya Urusi kwenye vita vya baharini vya Tsushima. Kwa hiyo kasi ipo. Msimdanganye mwenzenu.

Ila nendeni taratibu mwone ile miaka 52 ilijaa nini. Japani ilikuwa na tabaka zima la wapiganaji, wasamurai, watu wa kuzaliwa na upanga. Mtu angetarajia hao ndio wawe injini ya jeshi jipya. Serikali mpya, ya mfalme Meiji, ilifanya kinyume. Mwaka 1873 ikaweka sheria ya kuandikisha vijana wa kawaida, watoto wa wakulima. Mwaka 1876 ikapiga marufuku kutembea na panga. Mwaka 1877 wasamurai wa jimbo la Satsuma wakaasi chini ya Saigō Takamori, na wakapigwa na nani? Na hao hao watoto wa wakulima, kwa bunduki. Ili Japani iwe dola la kivita ilibidi kwanza iwafute kazi wapiganaji wake.

Halafu meli. Manowari zote nne kubwa za mstari wa mbele wa Japani kule Tsushima zilijengwa Uingereza. Mikasa, ile ya amiri Tōgō, ilitoka Barrow-in-Furness. Vita yenyewe iliendeshwa kwa mikopo iliyouzwa London na New York, na nchi ilipata fedha za kigeni kwa kuuza hariri, ambayo ilisokotwa viwandani na wasichana. Jamaa wa stoo akiuliza nani alichomelea Mikasa, jibu ni fundi wa Kiingereza, na aliyelipa ni msichana wa kusokota hariri. Samurai yuko wapi hapo? Ameshakuwa karani, polisi au mwalimu wa shule.

Hapo ndipo mimi naona riwaya yako, Kalamu Butu. Usiandike walivyoshinda sayari. Andika ile miaka ambayo Mvaraku mwenye kisu anaambiwa kisu kimepigwa marufuku, na aliyeamrisha ni Mvaraku mwenzake anayetaka kushinda.

#12 Tanuri

Naongezea moja kuhusu kuazima silaha, maana watu husema "walipewa teknolojia na wageni" na kuishia hapo, kana kwamba gobole linadondoka kutoka mbinguni na risasi zake za milele.

Angalia Wamaori wa Nyuzilandi. Mwaka 1820 mkuu mmoja, Hongi Hika, alisafiri hadi Uingereza, akapewa zawadi nyingi na mfalme George wa Nne. Aliporudi mwaka 1821 akapitia Sydney, akarudi nyumbani na mamia ya magobole. Vita vilivyofuata vilikuwa vibaya mno, maelfu wakafa. Sasa gobole linataka baruti, na baruti haioti. Wazungu waliokuja kuuza walitaka kitani na viazi. Viazi mviringo vilikuwa vimeletwa na wao pia, vinaota kirahisi, na vilitosha kulisha jeshi safari ndefu ambazo zamani zisingewezekana. Kwa hiyo mateka wa vita wakapelekwa mashambani kulima viazi na kuandaa kitani, ili kununua magobole, ili kupata mateka wengine. Silaha ilibadilisha shamba kabla haijabadilisha himaya.

Na mwisho wake? Kila upande ukapata magobole, faida ikafa, na vita vyenyewe vikapungua miaka ya 1830 ikielekea mwisho. Hakuna aliyepata sayari 40.

Kwa hiyo kama Wavaraku walipewa vyombo na wafanyabiashara wa nyota nyingine, tuambie waliuza nini. Hapo nina uchu kuliko kwenye vita yenyewe.

#13 Mpitanjia

Na vita vya Adwa je? Menelik wa Pili wa Ethiopia aliwapiga Waitalia 1896 kwa bunduki alizonunua Ulaya, zingine kwa Waitalia wenyewe.

#14 Tanuri

Ndiyo, na ndiyo maana aliuliza mtu wa stoo. Jeshi la Menelik pale Adwa lilikuwa kubwa kiasi kwamba chakula kilikuwa kinakwisha. Waitalia wangekaa siku chache zaidi mlimani bila kufanya lolote, huenda angelazimika kuondoka. Hawakukaa. Nyuma ya ule ushindi kuna watu waliohesabu nafaka usiku, na hakuna aliyewaimbia.

#15 Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, nimesoma yote mara mbili, nimechora na mchoro ukutani. Mniwie radhi kwa kukaa kimya. Nilipofika ni hapa.

Ile mila ya kuua ili upande cheo naiacha, lakini siifuti. Naiweka zamani. Ilikuwa mila ya nyanda za juu, ya koo za wachunga mifugo, watu wachache sana kwenye sayari yenye watu wa bondeni waliojua kuyeyusha chuma karne nyingi. Wavaraku wa juu walishuka, wakateka, na mkuu wao mmoja, ambaye sijampa jina, akaona walichokiona akina Temujin: kisu kikiendelea kufanya kazi ndani ya nyumba, nyumba haitajengwa. Akakiondoa. Wakamwulia wanawe wawili kwa hilo.

Kwa hiyo kufikia wakati wa vyombo, Mvaraku wa kweli, yule wa visu, yuko kwenye sherehe za taifa tu. Anavaa magamba ya babu, anacheza ngoma ya damu, wageni wanaogopa. Meli zinaendeshwa na watoto wa bondeni wenye majina ya kupanga ya nyanda za juu. Nilipoandika hilo nikapata baridi mgongoni, maana viumbe wote kwenye riwaya yangu wanawaogopa Wavaraku kwa kitu ambacho Wavaraku wenyewe walikiacha zamani.

Hiroshima saba za Nusu Kilo bado zinanisumbua. Nimeamua waliponea chupuchupu, na kwamba sehemu ya kaskazini ya sayari yao haikaliwi hadi leo. Hawaizungumzii. Watoto wakiuliza wanaambiwa kuna baridi.

Walichouza kwa wageni bado sijui, Tanuri. Nipe muda.

#16 Siafu

"Wanaambiwa kuna baridi." Hapo nimenunua kitabu.

#17 Msomaji Mkali

Mkuu wa kuondoa visu asiwe shujaa tafadhali. Awe mtu wa kuchukiza. Waliofanya mambo haya duniani hawakuyafanya kwa upendo, waliyafanya kwa sababu walitaka kushinda zaidi ya wengine. Na mmoja wa wanawe abaki hai, awe upande wa visu.

#18 Kalamu Butu

Binti. Nampa binti.

#19 Nusu Kilo

Kubwa kuliko yote hujaligusa. Sayari 40 kwa asilimia 10 ya kasi ya mwanga? Amri ikibebwa na chombo kutoka makao makuu inafika nyota ya jirani baada ya miaka 40, jibu linarudi aliyeuliza ameshakufa. Hiyo si himaya, hizo ni barua za marehemu. Weka sayari tatu.

#20 Kalamu Butu

Tatu ni chache, jalada halitauza. Kumi na mbili.

#21 Nusu Kilo

Nne, zote kwenye nyota mbili zilizo jirani.

#22 Kalamu Butu

Sita.

#23 Mpitanjia

Tano na mwezi mmoja wenye madini, mkuu, tumalize. Na mtu wa stoo ameshasoma huu uzi?

#24 Kalamu Butu

Tano na mwezi, nakubali. Nimemtumia jana. Amejibu leo asubuhi kwamba hajafika kwenye vita, bado yuko kwenye viazi, na anataka kujua walivihifadhi vipi visioze njiani.